Kiti cha Dada

Jumatano, 5 Juni
Siku ya mia mbili na sita bila pombe. Leo kikundi chetu cha kliniki kimepewa kazi. Kila mmoja achukue kiti kibovu, akitengeneze, akichore yaliyompata. Kwenye maonyesho ya Jumamosi ya wiki ijayo kiachwe wazi kwa mtu mmoja tu — yule uliyemuumiza zaidi. Mwingine haruhusiwi kukikalia.

Mwalimu wa sanaa, binti mwenye rangi kwenye kucha zote kumi, alisema bahati nzuri tuna seremala. Nikavimba kichwa.

Changu ni cha Dada, aliyenilea. Akiwa kazini niliuza viti vyake sita vya mezani, nikavinywa vyote kwa wiki moja. Miaka mitatu sasa, salamu zetu zinapita kwa shemeji.

Ijumaa, 7 Juni
Nimewasaidia wenzangu wote. Cha dereva mstaafu kimesimama kama askari. Msusi, aliyeteswa na vidonge vya usingizi, amekichora cha mwanawe misuko mgongo mzima. Kizuri mno.

Kinachocheza ni kimoja tu. Cha fundi.

Jumatatu, 10 Juni
Nimepunguza mguu mmoja. Kikalalia upande wa pili. Nikapunguza na huo. Kikarudi kule.

Dereva akasema, fundi, ukiendelea hivi Jumamosi tutaonyeshwa mkeka. Walicheka mpaka msusi akashika ukuta. Nami nilicheka, ningefanyaje — mganga hajigangi. Zamani ningefungasha zana nikamalizie hasira kwenye glasi. Leo nimekunywa chai, nikarudi kwenye msasa.

Alhamisi, 13 Juni
Kimetulia. Kifupi, lakini kimetulia.

Mgongoni nimechora viti sita vinatoka mlangoni kwa mstari. Mwalimu ameuliza, kwa adabu, kama ni mbuzi.

Jioni shemeji kapita. Dada kasema haji, ana kufua. Halafu shemeji akanong'ona: kisebusebu na kiroho papo, gauni la kutokea limeshapigwa pasi.

Jumamosi, 15 Juni
Ukumbi wa kliniki umejaa. Mke wa dereva amekaa na amekataa kuinuka, eti amesubiri miaka ishirini, wamletee na chai hapo hapo. Mwana wa msusi kamkumbatia mama yake, misuko imemwachia rangi shati lote.

Saa nne, changu kitupu. Saa tano, kitupu. Nikakifuta vumbi lisilokuwepo.

Amekuja! Gauni la pasi. Nikasema shikamoo Dada. Akaitika marahaba — akikitazama kiti. Akakizunguka mara mbili.

"Hawa mbuzi ni wa nini?"

"Ni viti, Dada. Vile sita."

Akavihesabu kwa kidole.

"Na hiki umenitengenezea mimi au mjukuu wangu?"

Nikamwambia kilianza kirefu. Mdomo ukamcheza kidogo. Akakibonyeza kwa kiganja, pembe moja moja, kama mtu anayenunua godoro. Hakikucheza.

Hakukaa. Akaweka mkoba wake juu yake. "Kaa nao. Naenda kuona vya wenzako." Akaenda zake.

Mkoba ule! Siku zangu zile alikuwa akiulalia. Alikuwa akiingia nao bafuni, na mimi nikijifanya sijui kwa nini.

Niko sakafuni kando ya kiti, daftari gotini. Zipu ameiacha wazi. Naona miwani, kitana, pochi ile ile ya kahawia. Nimegeuza uso kidogo, maana mkono huu naujua tangu utoto. Umetulia. Unaandika.

Dereva ananiita kwenye picha ya pamoja. Nimemwonyesha mkoba: siwezi bwana, niko kazini. Kule namsikia Dada anacheka na msusi.

Viti viko kumi na kimoja. Yuko cha tatu, na hana haraka.