Jani la Isale Nililompa Baba

Jumatatu, 9 Julai 2007

Saa kumi jioni, Moshi mjini. Mlima haujaonekana leo siku ya nne. Manyunyu hayaishi, na sweta yangu ya shule bado inanuka moshi wa sherehe ya jana. Hapa intaneti kafe nimechagua kompyuta ya mwisho kabisa, ile ya ukutani, ili mtu asisome nyuma ya bega langu.

Nina hasira. Naandika hivyo mapema nisije nikaanza kuzungukazunguka.

Jana mdogo wangu Rozi alipata komunyo ya kwanza. Ana miaka kumi. Nyumbani kwetu Uru kulikuwa na turubai, pombe ya mbege, mbuzi na ukoo mzima. Ilipaswa kuwa siku ya Rozi.

Ilikuwa siku ya baba.

Kabla ya likizo ya Juni mwalimu wa Rozi alileta barua. Aliandika kwamba Rozi si mjinga, ila hatulii. Anaanza hesabu na kuiacha katikati, anasahau daftari, anaitwa mara tatu ndipo ageuke. Akaomba apelekwe kwa daktari wa watoto akaangaliwe. Baba aliisoma akiwa amesimama, akacheka. "Mtoto wangu mimi? Huyu mwalimu anajua anamwandikia nani?" Kisha akauliza swali moja tu: nani mwingine ameiona hii barua. Akaitia mfukoni na habari ikaishia hapo.

Niliwahi kusoma, kwenye kompyuta hizi hizi, habari za wazazi wanaojipenda kupita kiasi, wale ambao kila jicho ndani ya nyumba lazima liwe juu yao. Kuna watu wanajiuliza kama hilo linahusiana na watoto wao kushindwa kutulia. Ukurasa wenyewe ulikiri kwamba haijulikani kwa hakika, na kwamba mtoto anaweza kuzaliwa hivyo katika nyumba yoyote. Mimi si daktari, ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Lakini niliufunga ule ukurasa haraka, kama vile baba angetokea mlangoni.

Kwetu baba akiingia kila kitu kinasimama. Rozi yuko kwenye hesabu, anaitwa aje asikilize. Anarudi kwenye hesabu, anaitwa tena, baba amekumbuka kipande alichokisahau. Juzi nilihesabu, ikawa mara sita kabla ya chakula. Na hadithi ni ileile, ya enzi alipokuwa akiongoza watalii, alivyombeba mgongoni mzungu aliyezidiwa karibu na kilele. Nilipokuwa darasa la pili yule mzungu alikuwa na kilo themanini. Sasa amefika mia na kumi.

Mimi nimejifunza kumtazama baba usoni huku kichwani naendelea na kitabu changu. Ni uongo, najua. Rozi hajui kudanganya hivyo. Macho yake yakiondoka, na yeye anaondoka.

Ndivyo ilivyokuwa jana. Baba alisimama kutoa neno la shukrani, na baada ya nusu saa ndiyo kwanza mzungu alikuwa anapandishwa mgongoni. Alipofika pale anapopenda, akanyoosha mkono. "Na damu hiyo ndiyo iliyomo ndani ya binti huyu! Rozi, simama wakuone!"

Kiti kilikuwa kitupu. Rozi alikuwa nyuma ya zizi, amepiga magoti kwenye tope na gauni lake jeupe, anamwangalia kinyonga.

Baba mdogo Festo, ambaye mbege ilikuwa imeshampanda, akapaza sauti: "Kaka, hata huyo mzungu angekuwa mzima angeshakukimbia!"

Watu walicheka hadi wengine wakashika matumbo. Baba hakucheka. Aligeuza kiti, akawapa watu mgongo, akakataa kula. Mbuzi ameiva, na hakuna wa kuanza kabla yake. Shangazi Maria akaja mbio jikoni. "Mtafuteni huyo mtoto ampelekee baba yake isale, jamani, watu wana njaa!"

Kwa mnaosoma blogu hii na hamtoki huku, isale ni lile jani refu tunalolipanda mipakani mwa shamba. Ukimkosea mtu unamletea, na akishaletewa hawezi kukukatalia.

Hapo ndipo nilipopata wazo, na ndipo nilipokosea. Niliwaza kwamba kama hawezi kukataa, basi niende mimi, niombe daktari. Mbele ya ukoo mzima atasemaje hapana?

Mimi huyu, ambaye darasani najua jibu na bado namwachia jirani anyooshe mkono.

Nilikata jani, nikalipiga fundo, nikaenda. "Baba, naomba Rozi apelekwe kwa daktari, kama mwalimu alivyoandika." Nilisema yote, nina hakika. Ila sauti ilitoka ndogo, na baba alikuwa ameshaliona jani. Alilichukua kabla sijamaliza, akasimama, akaliinua juu.

"Mnaona? Mnaona nilivyolea? Kijana amekuja kuomba msamaha kwa ajili ya mdogo wake! Nimesamehe!"

Vigelegele. Shangazi akafuta machozi. Baba akamrudia mzungu wake pale pale alipokuwa amemwacha.

Nilisahau jambo ambalo kila mtoto wa Uru analijua. Isale haiombi kitu. Isale inakiri kosa. Nilikwenda mwenyewe, kwa miguu yangu, nikakiri mbele ya mashahidi kwamba sisi ndio tuliomkosea yeye. Mama alinitazama kutoka kwenye sufuria za ndizi. Kama alinisikia, sijui. Aliendelea kupakua.

Wageni walipoanza kuondoka Rozi alinifuata, tope limeshakauka kwenye gauni.

"Kaka Deo, umesema daktari. Ni lini?"

Chini ya lile turubai kulikuwa na watu zaidi ya themanini. Aliyenisikia ni huyu anayesemwa hasikilizi, tena akiwa nyuma ya zizi.

"Alhamisi," nikamjibu.

Sikuwa na mpango wowote. Mpaka sasa ninao nusu tu. Leo nikifika nyumbani nitamfuata mama tukakate majani ya ng'ombe, kule bondeni ambako baba hafiki, nimuulize kama atatupeleka yeye. Kesho asubuhi nitapita shuleni kwa Rozi, nimwambie mwalimu kwamba barua ilifika na ilikataliwa, na nimwombe aandike nyingine, kwa jina la mama.

Sauti ikitoka ndogo, nitarudia. Nimeshamwambia Rozi Alhamisi, na Rozi amesikia.