Yesu Yuko Chini ya Kitanda na Hamida Amefunga Mlango

Imani ametoka chini ya kitanda sasa hivi, akaniwekea kidole mdomoni na kuninong'oneza, "Mama, usipige kelele. Amekufa. Amekufa kabisa." Halafu akarudi huko huko chini, nikabaki kuona visigino tu.

Leo ni Jumamosi, ile ya katikati. Ijumaa Kuu imepita na Pasaka haijafika. Nje kuna vumbi, hata majengo ya ng'ambo ya barabara yamefifia. Humu ndani tuko watu watatu, na wawili wakubwa hatuongei.

Yesu wa Imani ni mdoli wake, ule wa jicho moja lisilofunga. Kaburi ni katoni ya maji ya kunywa. Jiwe ni sufuria yangu ya ugali, ameiegemeza pale mbele. Jana tulienda kanisani, na mwalimu wa watoto aliwaonyesha jinsi Yesu alivyozikwa, akavingirishwa kitambaa kizuri, akapakwa manukato, jiwe likasukumwa. Mwanangu akashika kila kitu. Leo manukato ni mafuta yangu ya nazi, pamoja na karafuu na mdalasini kutoka kwa mkebe wa pilau.

Ningecheka. Ningepiga picha nimtumie baba yake. Shida ni sanda.

Sanda ni mtandio mweupe wa Hamida, ule wa kuswalia.

Hamida ni Mganda, kwao Jinja. Tunakaa naye nyumba moja hapa Dubai, mtaa wa International City, yeye na chumba chake, mimi na Imani na chetu, jikoni ni pamoja. Ni mlinzi, anaingia kazini jioni anatoka usiku. Mimi nasafisha vyumba kwa hoteli moja kule Al Mankhool, natoka alfajiri narudi jioni. Katikati hapo Imani ni wa Hamida. Anamlisha, anamsuka, wanalala pamoja mchana. Baba Imani anaendesha gari Abu Dhabi na analala huko huko. Alishaniambia wazi: siku Hamida akichoka, mtoto anapanda ndege kwenda Kitale kwa nyanya yake, hakuna njia nyingine.

Leo nimepumzika, lakini kesho, Pasaka yenyewe, niko zamu ya asubuhi.

Ilikuwa saa ya adhuhuri. Hamida ametoka kuchukua udhu, maji bado yanamtiririka mikononi, anatafuta mtandio. Imani akamshika kidole kwa furaha, akamleta chumbani kwetu, akamwambia ainame aone. Hamida akainama.

"Banange! Mtoto, umefanya nini?"

"Nimemzika Yesu, Anti. Huyu ndiye Mungu. Amekufa, lakini Jumapili anaamka."

Hamida akainuka. Hakukasirika, wallahi, naandika haki yake. Alisema polepole, kama anayemwambia mtoto jiko ni moto, "Mungu hafi, Imani."

Imani akaniangalia. "Mama?"

Hapo ndipo ningesema pole kwanza. Pole ya mtandio, pole ya mafuta, nilete sabuni. Lakini mtoto alikuwa ananiangalia, nikasema, "Alikufa, ndiyo. Akazikwa. Akafufuka."

Hamida akacheka ile ya puani. "Haya, Mama Imani. Siku hizo yuko kaburini, dunia alimwachia nani zamu? Sisi walinzi wadogo tu haturuhusiwi kuacha geti mpaka mwenzako afike."

Ilikuwa utani. Sasa najua ilikuwa utani, nusu yake. Lakini mimi nikibanwa nakuwa mkali.

"Wewe huwezi kuelewa," nikasema. "Nyinyi hamwezi kuelewa."

Nyinyi.

Aliniangalia kama mtu ambaye hanijui. Imani alikuwa ameshaanza kulia, amekumbatia katoni, kwa hiyo Hamida hata mtandio wake hakuuchukua. "Khalas, basi," akasema. "Mzikeni." Akaenda akafunga mlango. Nilisikia ufunguo. Tangu tuhamie hapa sijawahi kusikia ufunguo wa mlango huo mchana.

Nimepika chai, nikaacha kikombe chake mlangoni. Kiko pale bado, kimefanya ngozi juu.

Nataka niandike kile nilichoshindwa kusema, labda nikikiona hapa nitaweza kukisema.

Kwanza, Hamida akisema Mungu hafi, mimi naona yuko sawa. Hata kwangu, kusema Mungu alikufa ni neno zito. Niliishia kidato cha pili, siwezi kushindana na mtu. Jibu la mchungaji nalijua: Mwana alivaa mwili, mwili ndio uliokufa, na Baba hakuacha kuitunza dunia hata dakika moja. Nalijua vizuri. Lakini Hamida aliponiuliza sikukumbuka mchungaji.

Nilikumbuka Baraka.

Hamida hamjui Baraka. Hapa Dubai hakuna anayemjua. Ni mwanangu wa kwanza, alitangulia Imani, akaishi kidogo tu. Nilimvingirisha mwenyewe kwa shali nyeupe, kwa sababu nilikataa mtu mwingine amguse. Nakumbuka jinsi kitambaa kilivyokuwa kikubwa na yeye alivyokuwa mdogo, nikawa nakunja na kukunja na bado kinabaki. Kisha wanaume wakamchukua.

Kwa hiyo mimi nikiimba kwamba Yesu alikufa akazikwa, siimbi maneno ya kanisani tu. Wale waliomngoja Masihi walitaka mfalme wa kuwafukuzia maadui. Wakapata mtu aliyefungwa kitambaa akawekwa kwa kaburi la mwingine, maana yeye hakuwa na lake. Wengi waliona hapo basi, si yeye. Mimi ndipo ninapoamini ni yeye. Kama hakufa kweli, kama ilikuwa kuonekana tu, basi pale alipoenda Baraka, Yesu hajafika. Mwanangu alienda peke yake mahali ambapo Mungu mwenyewe hapajui. Siwezi kulala na wazo hilo. Nimejaribu.

Na kama alifika akarudi, basi njia iko. Mimi hilo linanitosha.

Mbona sikusema hivyo? Ningesema hivyo Hamida angekaa kitandani, angenisikiliza. Si lazima akubali. Nikiwa na homa mwaka jana alikaa usiku wa mapumziko yake ananisomea dua zake kwa sauti ya chini, na mimi sikukubali wala sikukataa, nilifurahi tu kuna mtu.

Badala yake nikasema nyinyi.

Nafikiria wale wanawake wa Jumamosi ile ya kwanza. Sisi tunajua Jumapili inakuja, wao hawakujua. Waliketi tu majumbani, na manukato wameshayatengeneza, na jiwe ni kubwa, na hakuna malaika aliyekuja Jumamosi kuwaambia subirini kidogo. Nimelisikia jambo hili tangu utoto na leo ndiyo mara ya kwanza nimekaa ndani yake. Mlango umefungwa kwa upande ule. Kesho alfajiri basi langu linaondoka, na sijui kama ninamwachia mtu mtoto au ninapiga simu hotelini kusema siji, na wakisikia siji siku ya wageni wengi namna hii, nadhani wataniambia nisije tena.

Baba Imani amepiga mara mbili. Sijashika. Akisikia sauti yangu atajua, na ataanza habari za Kitale.

Imani amenipita akaenda huko koridoni na soksi zake. Nimemwambia asimsumbue Anti. Sijui kama amesikia.

Nimeamua hivi. Nitagonga. Nisiposikika nitagonga tena. Nitasema pole bila kuweka "lakini" baada yake. Mtandio nitaufua kwa mikono, na doa lisipotoka nitamtafutia mwingine. Halafu nitamwambia ya Baraka, yote, hata habari ya shali. Sitamwambia ili nimshinde. Nataka tu ajue nilikuwa nalinda nini nilipomkalipia.

Ee Bwana, ufunguo.

Mlango umefunguka. Nasikia sauti ya Imani, maneno mengi mengi, na Hamida anajibu, "Eh? Eh?" Nimeshasimama, simu bado mkononi naandika. Sasa ananiita. Sijui anacheka au analia.

"Mama Imani! Yalla, njoo usikie mtoto wako! Eti mtandio wangu nitaupata kesho asubuhi, Yesu akishatoka! Sasa wewe kesho ukiwa kazini, sisi tukibaki wawili hapa, hilo jiwe nitalisukuma na huyu peke yake?"

Nakuja, Hamida, nakuja, wacha tu nimalizie kuandika kwamba