Maji Yote Waliyomsomea Mama

Jumanne, 8 Julai

Leo tena chupa mbili. Moja ya Mama Hoza jirani yetu, moja ya mke wa mwenye mashine ya kusaga. Zote zimesomewa Yasini. Nimezipokea mlangoni, nimewaamkia, nimezipeleka ndani. Mama kanywa mbele yao mpaka wakaridhika. Walipoondoka kaegemea mito, akawa anahema kama mtu aliyepanda mlima na gunia la karoti.

Mimi ndiye niliyempeleka hospitali. Mimi peke yangu nilimsikia dokta. Moyo umechoka kusukuma. Maji yanabaki mwilini, yanashuka miguuni, yanapanda kwenye mapafu. Akanipa jagi dogo la bluu. Kutwa nzima asizidishe jagi hili, na chai na uji humohumo. Na chumvi apunguze.

Niliporudi nikamwambia Shangazi Zaina, dada yake marehemu baba, ndiye anayemuuguza nami. Nilisema kwa sauti ndogo. Akanijibu, "Hayo ni maji ya kunywa, baba. Haya ya dua ni dawa."

Sikusema tena. Mimi kusema siwezi. Naandika.

Alhamisi, 10 Julai

Siku ya soko. Tangu asubuhi niko mtoni naosha karoti za watu. Maji ya mwezi huu yanauma mpaka ndani ya mfupa. Seif, tunayeosha naye, kanitania kama kawaida. "Bubu, leo karoti zimekuambia nini?" Wenzake wakacheka. Nami nikacheka. Afadhali kucheka kuliko kujibu.

Nimerudi nimemkanda mama miguu. Ukibonyeza kidole panabaki shimo, kama kwenye unga uliokandwa. Shimo haliondoki haraka. Nimelitazama mpaka limejaa.

Mama ana kiu. Kila saa kiu. Leo kanisimulia chemchemi ya kwao, nyuma ya nyumba aliyozaliwa, juu kule msitu unapoanzia. Anasema maji yanatoka chini ya jiwe, baridi, ukinywa meno yanalia. Alikuwa anasimulia huku analamba midomo. Nikatoka nje nikajifanya natafuta kuni.

Ijumaa, 11 Julai

Wamekuja baada ya swala ya Ijumaa. Wanaume sebuleni, wanawake chumbani kwa mama. Yasini, halafu dua. Ustadhi ndiye aliyeongoza. Yeye ndiye anayefundisha madrasa, hata mimi alinifundisha kabla sijaacha.

Chupa zilipangwa katikati ya mkeka, vifuniko vimefunguliwa ili dua iingie. Chupa za kila aina. Nyingine ilikuwa ya soda ya machungwa, bado inanukia. Watu wanasoma, mimi nimekaa karibu na mlango nazitazama. Sikusoma. Nilikuwa nayatazama maji tu. Ilikuwa kama mafuriko yamekaa kimya kwenye mkeka.

Walivyomaliza kila mwanamke kachukua yake kampelekea mama. Hapo ndipo ubaya. Huwezi kunywa ya Mama Hoza ukaacha ya mwenzie. Ataona dua yake imekataliwa. Atajiuliza ana kosa gani. Mama anajua hivyo, ana adabu, kanywa ya kila mmoja. "Hongea, hongea," anamshukuru kila mmoja. Hakumruka mtu.

Na nimeona kitu kingine. Alikuwa anafurahi. Ile kiu. Haya ndiyo maji pekee ambayo hakuna anayemkataza.

Wanampenda. Wote wanampenda. Wanamzamisha.

Jumapili, 13 Julai

Hawezi tena kulala. Anakaa, mito nyuma, mdomo wazi. Akilala anakabwa.

Ustadhi kaleta kombe. Kaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, mwandiko mzuri, rangi ya njano iliyoiva. Kaisuuza na maji, mama kanywa bakuli zima. Nilisimama pale na jagi la bluu mkononi kama mjinga. Ustadhi kanitazama. Nilikuwa na la kusema. Nikasema shikamoo. Nilikuwa nimeshamwamkia.

Najichukia.

Shangazi hakuwepo. Kaenda Mtae kwa mzee mmoja wa huko, anasifika kwa kusomea wagonjwa. Barabara ile ni mbaya na mgongo wake mbovu. Kaenda hivyo hivyo.

Jumatatu, 14 Julai

Karudi na dumu zima. Kajifunga kanga tumboni kwa maumivu, lakini anacheka. "Wifi yangu atapona, Athumani! Huyu mzee kasoma mpaka machozi yakamtoka." Kaagiza mama anywe kikombe kila baada ya swala mpaka dumu liishe. Kisha kaenda kulala, hoi.

Nimekaa na lile dumu jikoni. Nimelitazama muda mrefu. Halafu nikalibeba.

Maji yaliyosomewa hayamwagwi njiani watu wakayakanyaga. Hilo tunalijua tangu watoto. Nikayapeleka chini ya mpeasi, kule pembeni ambako hapiti mtu. Nikasema bismillahi. Nikayamwaga polepole.

Nikageuka. Shangazi kasimama nyuma yangu.

"Unamwaga Kurani?"

Nikaliinamisha dumu.

"Nimekaa kwenye gari mpaka mifupa imeachana, wewe unamwaga? Unataka mama yako afe? Sema! Si una mdomo?"

Mdomo ninao. Haukufunguka. Kachukua dumu tupu, kaenda nalo kwa majirani, analia kwa sauti. Hata mtoni wameshasikia. Mtoto anayemnyima mama yake dua. Ndiyo mimi huyo.

Mama alisikia kila kitu kwa ndani. Kanigeuzia uso ukutani. Hilo limeniuma kuliko Shangazi.

Jumatano, 16 Julai

Shangazi kamwita Ustadhi aje anihukumu. Wamekaa sebuleni. Na Mama Hoza kaja, kasimama mlangoni, anajifanya kaja kuomba chumvi.

Ustadhi kauliza, "Athumani, mwanangu, ni kweli?"

Nimeitikia kwa kichwa.

"Kwa nini?"

Nikamtazama. Shangazi kasema, "Unaona? Bundi. Macho tu."

Nikainuka. Wakadhani nakimbia. Nikaenda kuleta jagi la bluu, nikaliweka mkekani mbele ya Ustadhi. Halafu nikakusanya chupa zote tupu kutoka chini ya kitanda cha mama, nikazipanga pembeni ya jagi. Zikajaa mkeka. Nikasema, "Dokta alisema hili tu. Kutwa nzima hili tu." Sauti ikakatika hapo. Nililia mbele ya watu. Mtu mzima.

Ustadhi kachukua jagi, kaligeuza geuza. Kaangalia chupa. Mama Hoza katambua chupa yake, ile ya soda, kajiziba mdomo kwa mkono.

Kisha Ustadhi kasema, "Basi. Bi Zaina, kijana hajakataa dua. Mgonjwa anasomewa kwa mkono. Mtume alikuwa anaweka mkono anamwomba Mungu. Maji ni sisi tumeyaongeza, tunapenda mgonjwa tumpe kitu akishike."

Shangazi kasema, "Na maji ya Mtae?"

"Hata ya Zamzam, kama yanamuumiza."

Akaniambia mimi ndiye nimsomee. Mtoto wake. Kanifundisha pale pale: Allahumma Rabban-nasi, adh-hibil-baasa. Ee Mola wa watu, ondoa maumivu, ponya, wewe ndiye mponyaji. Nimeirudia mpaka ikakaa, lakini mdomoni mwangu inakwenda kama mtu anayevuka mto juu ya mawe.

Jioni nikaweka mkono kifuani kwa mama. Moyo unapiga vibaya, unakimbia, unasita. Nikasoma. Nikakosea katikati. Mama kanisahihisha bila kunitazama.

Ijumaa, 18 Julai

Watu wanakuja bila chupa sasa. Wanasimama, hawajui mikono waiweke wapi. Wanasoma, wanaondoka haraka. Wengine hawaji tena.

Mama haongei nami. Nampa maji kwa jagi, kidogo kidogo, nalowesha kitambaa anafyonza. Leo kaniambia, "Nilikufundisha kunywa kwa kijiko. Nawe unanifundisha kufa na kiu." Nikabaki na kitambaa mkononi.

Nilimletea birika la udhu. Nikamwona anasukutua. Hakutema. Kasukutua tena, hakutema. Anameza maji ya udhu, mama yangu, kwa kuiba, ananiangalia kama naona. Nikajifanya sioni. Halafu nikaenda kumwuliza Ustadhi. Kasema mgonjwa anaruhusiwa kutayamamu kwa udongo.

Basi nimechimba udongo safi shambani, nimeuchekecha, nimemletea kwenye sinia. Mama kautazama ule udongo. Kanitazama mimi. Akaupiga viganja vyake, akajipaka usoni, na mikono.

Nimempelekea mama yangu udongo. Nitalibeba hilo.

Jumapili, 20 Julai

Miguu imepungua kidogo. Pumzi haijapungua. Namsomea asubuhi na jioni. Sioni kitu. Naogopa kuandika hivyo lakini ndivyo ilivyo. Nasoma na sioni kitu. Mkono unasikia moyo unachoka, na mdomo unasema wewe ndiye mponyaji.

Shangazi bado hanisemeshi. Lakini kaanza kupika mboga bila chumvi, na yeye anakula hizohizo.

Jumatatu, 21 Julai

Asubuhi midomo ya mama ilikuwa ya bluu. Seif kaja na wenzake wawili, hawakutania. Tukambeba kwenye kiti mpaka barabarani, tukapata gari. Hospitali wamempa oksijeni. Shangazi kabaki naye, mimi nimetumwa nyumbani kuchukua kanga.

Nyumba tupu. Sinia la udongo bado chini ya kitanda. Nimelimwaga chini ya mpeasi.

Jumatano, 23 Julai

Dokta yule yule. Katuita pembeni, mimi na Shangazi. Anaongea taratibu. Moyo umefika mwisho wa nguvu zake. Dawa zitampunguzia tu kubanwa. Kama tunataka kumrudisha nyumbani, turudi naye. Akae na watu wake.

Nikauliza mimi mwenyewe. Sauti ilitoka. "Na maji?"

Dokta kanitazama. Kasema sasa anywe anachotaka.

Shangazi kanishika mkono. Hajawahi kunishika mkono tangu nimekuwa mkubwa. Tulikaa kwenye benchi. Nilikuwa nawaza zile siku zote. Kitambaa. Birika. Dokta kasema nilifanya sawa, maji yangemuua mapema. Nimemsikia. Haisaidii. Nimemwekea mama kiu ili apone, na hakupona. Kiu ndiyo iliyobaki.

Alhamisi, 24 Julai

Tumemrudisha. Kalala kwenye mito yake, dirisha wazi, ukungu unaingia mpaka ndani naye hataki lifungwe. Ametulia. Dawa za hospitali zimempunguzia.

Asubuhi niliweka mkono, nikasoma. Sikukosea. Nilipomaliza kaufunika mkono wangu kwa wake, akauzuia usitoke. Tukakaa hivyo. Nikamwambia mama nisamehe. Kasema, "Nilikuwa nakuona, mwanangu. Ulikuwa unatoka kulia kila siku, unasema kuni, na kuni huleti."

Nikacheka. Na yeye kacheka, kisha kakohoa.

Nikamuuliza anataka nini. Kasema mazi. Maji, kwa lugha yetu ya nyumbani. Nikanyanyuka kuleta. Kasema siyo ya ndoo. Anataka yale ya kwao, ya chini ya jiwe. Na yasisomewe na mzee wa Mtae, wala na Ustadhi. Niyasomee mimi.

Shangazi kasikia. Kaingia jikoni, katoka na dumu. Lile lile nililolimwaga. Keshaliosha, kafunga kamba mpya ya kubebea. Kanipa, kasema tu, "Vaa sweta, baba."

Kwao mama ni mbali, kupanda tu, na nataka niwe nimerudi kabla ya magharibi. Naacha hapa. Naondoka sasa, kwa sababu mama ana kiu.