Ganzi Niliyoigawa Bila Kumuuliza

Shinyanga, Jumatano, Septemba 1997

Jua linachoma, upepo unatupa vumbi mpaka kwenye shuka za wagonjwa. Niko kwenye benchi nje ya wodi ya wanawake, na tangu nianze kuchimba dhahabu Nyarugusu sijawahi kukosa la kusema. Leo nimekosa.

Mimi, niliyefika Nairobi, Kampala na Lubumbashi nikarudi na viatu vya ngozi ya nyoka.

Asubuhi mke wangu, Mama Kulwa, ametolewa mfuko wa nyongo uliojaa vijiwe. Hawakumpasua tumbo zima. Daktari mgeni kaja na mashine yake: matundu manne madogo, kamera inaingia ndani, wenyewe wanatazama kwenye televisheni. Nikawaambia wenzangu wa benchi kwamba hata sisi kwenye maduara yetu, mashimo ya dhahabu, ndiyo kazi yetu, unatoboa kidogo unafuata jiwe. Walicheka sana.

Jana daktari alieleza kwamba kabla ya kushona huwa anachoma ganzi kwenye yale matundu, nyingine anainyunyiza ndani chini ya ini, mgonjwa akiamka asiumie sana. Ila iliyobaki ilitosha mtu mmoja, na wagonjwa walikuwa wawili: mke wangu, na bibi mmoja wa Maswa, mkavu kama kuni. Mama Kulwa Kiswahili kinampiga chenga, kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi. Daktari akataka kujua mke wangu anavumiliaje maumivu.

Swali lilikuwa la mke wangu kulijibu. Nikalijibu mimi.

Nikasema huyu alijifungua mapacha njiani akitoka shamba la pamba, jioni akasonga ugali. Ganzi mpeni bibi. Manesi wakanisifu, bibi akanibariki kwa Kisukuma, kichwa kikavimba.

Sasa bibi anakunywa uji. Mama Kulwa amejikunja. Matundu yanawaka moto, na bega la kulia linamuuma kuliko matundu, wakati hakuna aliyeligusa. Nesi anasema ni hewa waliyomjaza tumboni, itaisha yenyewe. Amechomwa sindano ya kawaida, nyingine mpaka jioni. Nimezunguka maduka ya dawa yote ya mjini kutafuta ganzi.

Hakuna.

Nimemtania, hacheki. Nimemshika bega, kautoa mkono wangu taratibu. Analia bila sauti, na mimi na ujanja wangu wote nimebaki kumpepea kwa kipande cha boksi.

Amesema mara moja tu, macho ukutani: "Baba Kulwa, siku ile ya mapacha niliumia. Wewe hukuwepo."

Kweli. Nilikuwa Geita. Hadithi ile nilisimuliwa na majirani, nikaibeba miaka yote kama yangu.

Bibi wa watu simuonei kijicho, apone. Lakini kesho asubuhi daktari akipita, atamuuliza tena mke wangu anajisikiaje. Nitasema atakachosema yeye, basi.

Mdomo huu, utaweza?