Juisi Inachachuka Tangu Wifi Afariki

Bugene, Alhamisi. Ukungu umekaa hadi saa nne, na moyo wangu hivyohivyo.

Mwenye duka wa Kayanga amerudisha juisi tena. Imechachuka kabla haijanunuliwa. Amesema kwa upole kwamba ikitokea tena atachukua kwa wengine, na bila duka lake itabidi nifunge kiwanda changu cha juisi ya ndizi. Kiwanda ni jina la heshima tu. Ni banda, mapipa na akina mama wachache nilioanza nao kazi vita vya Uganda vilipokwisha.

Nimechoka kulaumu chupa. Ndizi ni zilezile, shimo la kuivishia ni lilelile, mikono ni ileile, kasoro wifi yangu Kokugonza, tuliyemzika masika haya.

Ameondoka na nini?

Leo nimepata jibu, na limenitisha. Maradhi yalipomwingia, wifi akishafukua ndizi shimoni alikuwa anakaa chini kuvuta pumzi. Nasi tulikaa naye kwa adabu. Kumbe muda ule ndizi zilikuwa zinapoa! Sasa hatuna wa kumngoja, tunazimenya na kuzikamua zikiwa bado na joto la shimo, halafu tunashangaa juisi ikiwahi kuchachuka.

Zamani tuliuza hapahapa kijijini na juisi ikanywewa siku hiyohiyo. Duka la Kayanga lilitukubali mwaka ule ule alioanza kuugua. Tulisema ni bahati. Yeye mwenyewe hakujua kwamba anatufundisha kitu.

Nimesomesha watoto kwa ugonjwa wa wifi yangu.

Mchana nimewaambia wenzangu tufukue, kisha tukae. Tumekaa. Mahali pake kando ya shimo hakuna aliyepagusa. Banda lilikuwa kimya mno, ningeweza kuapa kwamba namsikia mtu anahema. Naogopa kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Adela, mjane kutoka kijiji cha Nyakatuntu aliyeanza kazi wiki hii na hakuwahi kumwona marehemu, alitutazama mmoja mmoja.

"Mama, kwani tunamsubiri nani?"

"Ndizi zipoe," nikamjibu.

Si uongo. Ila ndizi zimepoa, nimezigusa kwa mkono wangu, na bado hakuna aliyenyanyuka.

Kesho itabidi mimi niwe wa kwanza kusimama.