Glasi ya Mkuu wa Shule

Mwenzangu, nimechoka, hata kuvua viatu siwezi. Leo mkaguzi kaingia kwenye kipindi changu cha fizikia, kakaa dawati la mbele.

Nikaweka glasi ya maji juu ya karatasi. Ukivuta karatasi ghafla, glasi inabaki palepale.

Sasa glasi nimeazima kwa mkuu wa shule. Nikaogopa kuivunja, nikavuta polepole. Mimi. Polepole.

Glasi ikaifuata karatasi hadi ukingoni mwa meza, ikapinduka, maji yote mapajani mwa mkaguzi.

Binti mmoja wa nyuma akasema, "Mwalimu, umevuta polepole, msuguano umeibeba. Jana ulituambia tuvute ghafla."

Mkaguzi anajifuta, anauliza, "Huyu kafundishwa na nani?"

Darasa zima likaninyooshea kidole.