Mama, Imani Alisikia Yote

Mpendwa mama,

Tulihama Mashimoni wiki tatu baada ya kukuzika. Sasa tuko Kawangware, chumba kimoja nyuma ya kinyozi, na hakuna mtu wa kule niliyemwambia tuliko. Wewe ungeelewa kwa nini.

Unakumbuka ile foleni ya maji? Ulikuwa umembeba Imani mgongoni, miaka saba, miguu yake ikikaribia kuburuza chini. Muuza mboga akauliza, "Huyu bado hatembei? Kwani binti yako alikula nini akiwa na mimba?" Mimi niliinamisha kichwa. Wewe uligeuka ili amwone mtoto usoni, ukamwambia, "Anaitwa Imani. Msalimie kwanza." Akamsalimia. Imani akacheka kile kicheko chake cha mdomo wazi, na muuza mboga akabaki akijifunga leso yake upya.

Kwenye matanga yako hakukuwa na wa kugeuka hivyo. Jirani alinishika mkono kwa huruma kabisa, Imani akiwa ameketi katikati yetu. "Heri Mungu angemchukua huyu, akuachie mama yako." Kwa kuwa hasemi, wanadhani hasikii.

Wiki tatu hivi baada ya mazishi, wifi yangu Nafula alikuja na chupa ndogo ya soda. Ndani kulikuwa na maji ya kahawia.

"Ni miti shamba tu," alisema polepole, Imani akiwa mkekani karibu nasi. "Mpe kikombe kimoja jioni. Atalala vizuri, na wewe upumzike. Bado una nguvu, utazaa wengine."

"Atalala mpaka lini?"

Aliangalia mlango.

Nilimwaga yote mtaroni, Nafula akiniona. Jioni nilimweleza mume wangu, akasema dada yake alikuwa na nia njema, nisimfanye mbaya. Hapo ndipo nilipoogopa hasa. Asubuhi alipoenda kazini kwake mjengoni, nilifunga nguo, nikamweka Imani mgongoni, nikaondoka.

Nilidhani nimeiacha hofu huko. Lakini tangu siku ile ya chupa Imani alikataa kunywa. Uji, chai, hata maji, alikuwa akikaza meno na kugeuza uso mpaka midomo ikampasuka. Nilimbembeleza, nikalia, nikamkemea. Mama, alikuwa ananiogopa mimi.

Jana jirani wa hapa aliniambia kuna mwanamke alipita akiulizia mtoto asiyetembea. Akamwonyesha mlango wetu, akidhani ananisaidia. Nimemweleza yeye na kinyozi kila kitu, nao wameahidi Nafula hataingia. Leo sikwenda kufua nguo za watu. Nimeketi hapa mlangoni.

Pumzika, mama. Huyu sitamwacha.

Ninapoandika, Imani ana kiu. Nimeshajua la kufanya: nakunywa mimi kwanza. Anaangalia koo langu mpaka nimeze. Kisha anasubiri, ananitazama machoni, aone kama nitalala. Ndipo anapofungua mdomo.

Mimi bintiyo,
Mama Imani